Benchi la Nyuma Nalo Limelipa Kiingilio

Siku ya mechi kubwa, vibanda umiza vya hapa Tanga, vile vya kulipia kutazama mpira kwenye runinga, huko Ngamiani, Makorora na Chumbageni, hujaa kabla filimbi haijapulizwa. Waliowahi hukaa mbele, waliochelewa hubanana nyuma ukutani. Haupiti muda, sauti inatoka huko nyuma: "Ngapi ngapi jamani? Dakika ya ngapi?" Wa mbele hujibu bila kugeuka. Swali hili tumelizoea hadi tunaliona ni sehemu ya burudani yenyewe. Mimi sikubaliani. Matokeo na dakika vimeandikwa kwenye kioo muda wote wa mchezo. Mtu aliyelipa sawa na wenzake hawezi kuvisoma, na sababu ni moja: hakuna aliyepima umbali uliopo kati ya jicho lake na ile herufi.

Jambo hili halikomei kwenye mpira. Lipo darasani penye projekta, lipo kwenye semina za wilaya, lipo msikitini kwenye saa ya nyakati za swala, lipo kwenye simu ya bibi. Kila ninapolizungumza hapa Tanga, majibu ninayopewa ni yale yale. Nayajibu hapa moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza, na ndilo linalosemwa kwa ukali zaidi, ni kwamba asiyeona avae miwani.

Mwaka 1862 daktari wa macho Herman Snellen, wa Utrecht nchini Uholanzi, alitoa ule ubao wa herufi zinazopungua kimo mstari hadi mstari, ambao mpaka leo umetundikwa kwenye kliniki za macho duniani kote. Ukiambiwa jicho lako ni 6/6, maana yake ni kwamba ukiwa mita 6 unaisoma herufi yenye kimo cha milimita 9 hivi. Hesabu yake ni milimita 1.5 ya kimo kwa kila mita 1 ya umbali. Chini ya hapo jicho hilo linashindwa, hata kama halina kasoro yoyote inayohitaji miwani. Tena huo ni ukomo wa jicho, mahali ambapo mtu anakaza macho na kukisia. Ili mtu asome kwa raha, bila kukunja uso, miongozo ya kimataifa ya skrini za kazini, ile inayoitwa ISO 9241, inapendekeza herufi iliyo kubwa mara nne ya hiyo. Ukiirahisisha kwa matumizi ya kawaida unapata milimita 6 za kimo cha herufi kwa kila mita 1 ya umbali. Naomba msomaji aishike namba hiyo, kwa sababu nitaitumia mpaka mwisho.

Sasa turudi kibandani. Tuseme benchi la mwisho lipo mita 7 kutoka kwenye runinga ya inchi 43. Mita 7 mara 6 ni milimita 42. Picha nzima ya runinga hiyo ina kimo cha sentimita 53 tu, kwa hiyo tarakimu za matokeo zingepaswa kuchukua karibu sehemu moja ya kumi na tatu ya kimo chote. Chukua rula uweke juu ya kioo wakati wa mechi: mara nyingi utakuta hazifiki hata sentimita 2. Mwenye 6/6 atazisoma kwa kukaza macho, ikiwa hakuna kichwa mbele yake na mlango haumuliki kioo. Mwenye 6/12, yaani anayehitaji herufi kubwa mara mbili ya hiyo ya 6/6, ambaye anatembea, anaendesha bodaboda na hajioni kuwa na tatizo lolote, hazisomi. Huyo hawezi kuambiwa akanunue miwani kwa ajili ya dakika tisini.

Kuna pia jambo ambalo wasemaji wa "vaa miwani" wanalichanganya. Mtu akishavuka miaka arobaini, lenzi ya jicho inapoteza unyumbufu na vitu vya karibu vinaanza kufifia. Utafiti uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, uliwakuta watu wapatao 6 kati ya kila 10 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea wakiwa na hali hiyo. Miwani wanayopewa watu hawa ni ya kusomea, ya karibu. Mzee akiivaa kutazama runinga iliyo mita 5 mbali, picha inazidi kufifia. Kwa hiyo yule yule anayehitaji miwani kusoma ujumbe wa simu, akiingia kibandani anaivua, na kinachoweza kumsaidia huko ni herufi kubwa au benchi la karibu.

Wa pili wanakuja na fedha mkononi: nunua runinga kubwa, kwisha maneno. Hapa pana ukweli nusu. Kutoka inchi 32 kwenda inchi 55, kila kilichomo kinakua mara 1.7. Lakini faida hiyo hiyo unaipata bure ukilitoa benchi mita 3 na kulisogeza hadi mita 1 na robo tatu. Jicho halijui ukubwa wa kioo. Linachojua ni pembe ambayo herufi inachukua mbele yake, na pembe hiyo inategemea kimo na umbali kwa pamoja. Nimeona vibanda vilivyobadilisha runinga na papo hapo vikaongeza safu mbili za mabenchi nyuma, kwa sababu kioo kikubwa kinavuta wateja. Mtu wa mwisho akabaki pale pale alipokuwa, au akarudi nyuma zaidi.

Kwenye ofisi na shule hali inaweza hata kuwa mbaya baada ya ununuzi. Kompyuta mpakato ikiunganishwa na runinga kubwa ya 4K bila kurekebishwa, herufi zinaweza kutoka ndogo kuliko zilivyokuwa kwenye ile ya zamani, kwa kuwa kompyuta inahesabu pikseli (nukta za picha, ambazo kwenye 4K ni nyingi na ndogo zaidi), haihesabu sentimita. Lazima mtu aingie kwenye mipangilio ya onyesho na kupandisha ukuzaji hadi asilimia 200 au 300. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja, na wengi hawajui kwamba ipo.

Hilo linanileta kwa wauzaji wanaoapa kwamba 4K ndiyo dawa. Runinga ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95. Kwenye HD kamili upana huo umegawanywa mara 1,920, kwa hiyo kila pikseli ina nusu milimita. Jicho zuri likiwa mita 3 haliwezi kutenganisha nukta mbili zilizokaribiana chini ya milimita 0.9 hivi. Yaani kwa umbali wa sebule ya kawaida, HD tayari imelipita jicho. Pikseli za 4K, robo milimita kila moja, mtu wa mita 3 hazioni, na wa mita 7 ndiyo kabisa. Picha kali zaidi haifanyi herufi ndogo kuwa kubwa. Mwenye fedha anunue apendacho, ila asiambiwe kwamba ameliondoa tatizo la benchi la nyuma.

Majumbani kuna dai linalokwenda kinyume na yote haya: mtoto akikaa karibu na runinga atapofuka. Kila mama wa Kitanga amelisema, kila mtoto amevutwa shati kurudishwa nyuma. Hofu hii ilikuwa na chanzo. Mwaka 1967, huko Marekani, kampuni ya General Electric iligundulika kuwa baadhi ya runinga zake za rangi zilikuwa zinavujisha mionzi ya eksirei kupita kiasi, zikarudishwa kufanyiwa marekebisho, na mwaka uliofuata nchi hiyo ikatunga sheria ya kudhibiti mionzi ya vifaa vya umeme. Hizo zilikuwa runinga za chogo, zenye bomba la kioo na umeme wa nguvu kubwa ndani yake. Runinga bapa za leo hazina bomba hilo na hazitoi eksirei. Kukaa karibu nazo hakumpofushi mtu.

Lakini mama asiache kumwangalia mtoto, ila abadilishe anachokiangalia. Mtoto anayejisogeza kwenye kioo kila siku, hata akirudishwa, huenda anakueleza kwamba haoni mbali. Mpeleke akapimwe macho, hospitali ya Bombo au kliniki yoyote iliyo karibu, maana mtoto huyo huyo anakaa darasani haoni ubao na mwalimu anadhani ni mvivu. Na kama ni kulinda macho yake, mtoe nje. Guangzhou, nchini China, shule ziliongezewa kipindi cha dakika 40 za kukaa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu watoto walioanza kupata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4 katika shule hizo, dhidi ya asilimia 39.5 katika shule zilizoendelea kama kawaida. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Mwanga wa mchana tunao wa kutosha, kutoka Mkinga mpaka Pangani.

Kwa wasomi wenzangu, dai lao nalijua vizuri kwa kuwa nimelisikia kwenye semina nyingi: slaidi iliyojaa maneno inaonyesha kwamba mtoa mada amefanya kazi. Basi tupime kazi hiyo. Ukumbi wa kawaida, mtu wa mwisho yupo mita 8, picha ya projekta ina kimo cha mita 1.2. Mita 8 mara 6 ni milimita 48, sawa na sehemu moja ya ishirini na tano ya picha. Kwa slaidi za kawaida za PowerPoint hiyo ni fonti ya ukubwa wa 30 hivi. Ukiondoa kichwa cha habari na kingo, unabaki na mistari kama 10. Anayeweka mistari 22 ya fonti 14, tena herufi nyekundu juu ya bluu, huku pazia zimefunguliwa na jua la saa sita linapiga ukutani, anazungumza na safu tatu za mbele. Waliobaki wamepewa chai na posho ya kutazama ukungu.

Ipo njia rahisi ya kujipima nyumbani. Kioo cha kompyuta mpakato ya inchi 14 kina kimo cha sentimita 17 na nusu hivi, karibu sehemu moja ya saba ya ile picha ya ukumbini. Kwa hiyo mita 8 za ukumbini ni sawa na mita 1 na sentimita 15 kutoka kwenye kompyuta yako. Fungua slaidi, rudi nyuma kiasi hicho, soma. Usiposoma wewe uliyeiandika na unayeyajua maneno yake, mgeni wako hatasoma.

Na hapa ndipo penye mzizi wa mambo yote. Anayeandaa maandishi hukaa karibu. Mchoraji wa maandishi ya televisheni anayachora kwenye kioo kilicho nusu mita mbele yake. Mtoa mada anaandika slaidi magotini. Mjumbe wa kamati ya msikiti anaichagua ile saa ya dijiti dukani akiwa ameegemea kaunta, anaona nyakati zote tano zinang'aa, analipa. Saa ikifika msikitini inatundikwa ukutani upande wa kibla, na maamuma wa safu ya mwisho yupo mita 12. Kwa umbali huo tarakimu zinataka kimo cha milimita 72. Tarakimu za saa yenyewe pengine zinafika, kwa kuwa watengenezaji huzifanya kubwa. Zile za adhuhuri, alasiri na za kukimu ni ndogo mno, na hizo ndizo ambazo mtu aliyechelewa anazihitaji ili ajue kama ana muda wa kuswali sunna. Dukani palikuwa na njia ya kulijua hilo: kuiweka saa mwisho wa korido au ng'ambo ya barabara na kuitazama kutoka huko kabla ya kutoa fedha.

Vijana wananiambia nimepitwa na wakati, kwamba mashine zenyewe zitapima umbali na kurekebisha. Ni kweli kwamba ujuzi huo upo, na si wa jana. Mwaka 2004 Daniel Vogel na Ravin Balakrishnan wa Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha kioo cha ukutani kinachobadilisha maelezo yake kadiri mtu anavyokikaribia: wa mbali anaona machache na makubwa, wa karibu anafunguliwa mengi. Mwaka 2008 Chris Harrison na Anind Dey wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitumia kamera ya kompyuta kuona mtu anapoinamia kioo na kumkuzia maandishi papo hapo. Tangu mwaka 2023 baadhi ya simu za iPhone zina kipengele kinachomwonya mtumiaji akiishika simu kwa muda mrefu chini ya sentimita 30 kutoka usoni.

Nazipenda kazi hizo na ningependa wanafunzi wetu wazisome. Lakini zote zinafanya kazi vizuri mbele ya mtu mmoja au wachache. Kibandani wapo hamsini, kila mmoja na umbali wake, na kioo ni kimoja. Kamera itamfuata nani? Jibu la haki ni yule wa mwisho, na huyo hahitaji kamera, kwa sababu benchi lake halihami. Kulipima mara moja kwa futi kamba kunatosha mwaka mzima. Isitoshe, sitaki kioo cha stendi ya Kange au cha foleni ya benki kinitazame usoni ili kijue nimesimama wapi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake.

Kilichobaki katika vitu ambavyo mashine inavifanya tayari ni ukubwa wa fonti kwenye simu, nao tunaudharau. "Hiyo ni ya wazee," utaambiwa. Basi wazee wapewe. Kijana anashika simu sentimita 35, bibi anainyoosha mpaka 60 ili imkae sawa machoni, kwa hiyo herufi inayomtosha kijana kwa milimita 2 inabidi kwa bibi ikaribie 3.5. Mjukuu mwenye dakika tano anaweza kumwekea. Wanaotengeneza programu nao wana deni hapa, kwa sababu zipo programu za kutuma fedha ambazo fonti ikikuzwa kitufe cha kuthibitisha kinashuka chini ya kioo na kupotea. Bibi anaishia kumpa mtu simu pamoja na namba yake ya siri.

Dai la mwisho linaniuma kuliko yote: eti watu wetu wanakuja kuona, hawaji kusoma. Linasemwa katika mji ambao mwaka 1904 ulikuwa tayari unachapa gazeti la Kiswahili, Kiongozi, kutoka shule ya serikali ya Kijerumani hapa hapa Tanga. Linasemwa na watu wanaojua kwamba mashabiki wa Coastal Union wanasoma msimamo wa ligi kila wiki na wanakumbuka ubingwa wa 1988 kama wa jana. Watu wanasoma kinachosomeka. Kisiposomeka wanatafuta njia nyingine, na njia hiyo kwetu imekuwa sauti. Filamu za kigeni zilipata wafuasi wengi mno nchini zilipowekewa sauti ya mtu anayesimulia kwa Kiswahili, na marehemu Lufufu alijulikana kila kona kwa kazi hiyo. Sauti inamfikia wa mbele na wa nyuma sawasawa.

Sasa mfikirie asiyesikia. Yeye hana mtu wa kumuuliza "ngapi ngapi", wala sauti ya mtangazaji haimfikii. Taarifa ya habari inamjia kupitia mkalimani wa lugha ya alama, aliyewekwa kwenye kisanduku pembeni mwa picha. Kisanduku kikichukua sehemu moja ya sita ya upana wa runinga ya inchi 32, kina sentimita 12. Mkalimani akitosha humo kuanzia kiunoni na mikono yake, kidole chake kinakuwa na unene wa milimita 2 hivi. Maana ya ishara imo kwenye umbo la vidole, na sehemu kubwa ya sarufi ya lugha hiyo imo usoni, kwenye nyusi na mdomo. Mtazamaji amekaa mita 4 pamoja na familia yake, na tunamtaka asome nyusi kutoka huko. Ama ajitenge na wenzake akapige magoti mbele ya runinga, ama akose habari. Kisanduku kikifikia theluthi moja ya upana wa picha, vidole na uso vinakua mara mbili, na waziri anayehutubia pembeni hapungukiwi na chochote, kwa kuwa sauti yake inasikika na sura yake inajulikana.

Vituo vya televisheni vinaweza kulifanya hilo kesho, na kukuza tarakimu za matokeo pia. Vikichelewa, mwenye kibanda asivisubiri. Asitumie ile zumu ya rimoti, maana inakata kingo za picha na matokeo yanapotea kabisa. Asogeze mabenchi, apandishe runinga juu ya vichwa, azibe mwanga wa mlango, na aweke ubao mweusi pembeni wenye matokeo kwa chaki, tarakimu zenye kimo cha kiganja. Mwalimu, mtoa mada na mjumbe wa kamati ya msikiti wachukue futi kamba, wapime kutoka kwenye kioo mpaka kwa mtu wa mwisho, wazidishe mita kwa 6, kisha waweke rula juu ya herufi. Zikipungua, zikuzwe au maneno yapunguzwe.